Lizzie Borden na uongo aliotungiwa mtu hai

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 4 Agosti 1892, mzee Andrew Borden alirudi nyumbani kwake mtaa wa Second Street, mjini Fall River, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, akiwa hajisikii vizuri. Ilikuwa yapata saa 4:45. Mtumishi wa nyumba alihangaika na makomeo, akamfungulia. Muda mfupi baadaye mtumishi huyo alimsikia Lizzie, binti mdogo wa mzee, akimwambia baba yake kwa sauti ya chini kwamba Bi. Borden ameletewa kikaratasi cha kuitwa kwa mgonjwa, na ametoka. Maneno hayo yakisemwa, Bi. Borden alikuwa ghorofani, amelala kifudifudi sakafuni kando ya kitanda cha chumba cha wageni, amekwisha kufa zaidi ya saa nzima. Haikupita nusu saa, mzee naye akawa maiti kwenye kochi la sebuleni.

Kikaratasi hicho hakikuonekana kamwe. Aliyekiandika hakujitokeza, aliyekileta hakujitokeza, na mgonjwa mwenyewe hajajulikana hadi leo. Kwa miaka zaidi ya 130 watu wamebishana kuhusu kishoka, kuhusu gauni lililochomwa moto, kuhusu sumu, kuhusu nani alikuwa wapi kwa dakika gani. Kikaratasi wamekitaja kama mojawapo ya mambo mengi ya ajabu, wakapita. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo siri ya mkasa wote. Mtu hatungi uongo wa kumtuliza baba yake kuhusu aliko mama wa kambo ikiwa amekwisha panga kwamba baba huyo naye hataiona saa sita mchana. Uongo ule ulitungiwa mtu hai, tena mtu ambaye mtungaji alitarajia ataendelea kuishi. Ukilikubali hilo, mauaji ya Fall River hayawi tena tukio moja lenye maiti wawili. Yanakuwa mauaji mawili tofauti, yenye sababu mbili, na la pili halikuwamo katika hesabu za asubuhi ile.

Kwanza watu wenyewe. Andrew Borden alikuwa na umri wa miaka 69, tajiri wa majumba na hisa za benki na viwanda, na utajiri wake ulikadiriwa kupita robo milioni ya dola, fedha nyingi mno kwa enzi hizo. Lakini alikuwa mkono wa birika. Aliishi katika nyumba nyembamba isiyo na ukumbi wala ujia, katikati ya mji wenye kelele, wakati ndugu zake wa ukoo wa Borden waliishi kilimani walikoishi matajiri wenzake. Mkewe wa kwanza alifariki akamwachia mabinti wawili, Emma na Lizzie. Akamwoa Abby Durfee Gray, aliyekuwa na miaka 64 siku aliyouawa. Mabinti hawakuolewa. Emma alikuwa na miaka 41, Lizzie 32, mwalimu wa shule ya Jumapili kanisani kwake. Mwaka 1887 mzee alinunua sehemu ya nyumba kwa ajili ya ndugu wa Abby, na mabinti wakakasirika kama watu waliodhulumiwa. Aliwapa wao nyumba ya babu yao ili kuwatuliza. Hawakutulia. Tangu hapo Lizzie aliacha kumwita Abby mama, akawa anamwita Bi. Borden, kama mtu anayemtaja jirani. Hata mchana wa mauaji, ofisa wa polisi alipomtaja Abby kuwa mama yake, Lizzie alimsahihisha palepale: yule si mama yangu, ni mama wa kambo, mama yangu alikufa nikiwa mtoto. Maiti ilikuwa bado iko juu ghorofani.

Sasa saa. Abby alionekana mara ya mwisho karibu na saa 3 asubuhi, alipomwagiza mtumishi, Bridget Sullivan, binti wa Kiayalandi, aoshe madirisha. Kisha akapanda kukamilisha chumba cha wageni, kwani shemeji wa mzee, John Morse, alilala humo usiku uliotangulia. Hakushuka tena. Alipigwa na kitu chenye makali mapigo 18 au 19, mengi yao kisogoni. Andrew alipigwa 10 au 11, yote usoni na upande wa kichwa, akiwa amelala. (Ule wimbo wa watoto unaotaja mapigo 40 na 41 ni chumvi tupu.) Madaktari walioingia nyumbani waliona tofauti kwa macho: damu ya mzee ilikuwa mbichi, bado inachuruzika, ya mkewe imeganda, nyeusi, na mwili umeanza kupoa. Profesa Edward Wood wa Chuo Kikuu cha Harvard alipima matumbo ya wote wawili, ambao walikula kifungua kinywa pamoja. Chakula cha Andrew kilikuwa kimesagika zaidi sana. Hesabu ikatoka kwamba kati ya kifo cha kwanza na cha pili ilipita saa moja na nusu hivi.

Saa moja na nusu ni muda mrefu sana katika nyumba ndogo. Ndani yake Bridget aliingia na kutoka, akichota maji bandani, akiosha madirisha nje kisha ndani. Lizzie, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akisoma gazeti, akipiga pasi leso za mkononi, akisubiri pasi ipate moto. Nyumba ile haikuwa na njia za kupishana. Chumba kilifungukia chumba, na ghorofani sehemu ya mbele, penye chumba cha Lizzie na cha wageni, ilitengwa na sehemu ya nyuma ya wazazi kwa mlango uliofungwa pande zote mbili. Mtu aliyepanda kwa ngazi za nyuma hakuweza kufika chumba cha wageni. Aliyepanda ngazi za mbele aliweza, hata kabla ya kumaliza vidato, kuona chini ya kitanda na ng'ambo yake macho yake yakifika usawa wa sakafu. Hivyo ndivyo jirani, Bi. Adelaide Churchill, alivyoiona maiti ya Abby saa tano na ushee: hakuhitaji hata kuingia chumbani.

Ramani hiyo ya nyumba inaonyesha kazi ya kikaratasi. Andrew aliporudi alichukua ufunguo wake, akapanda kwa ngazi za nyuma hadi chumbani kwake, akashuka. Hakupita mbele. Lakini angeweza kumtafuta mkewe wakati wowote, na kikwazo pekee kati yake na ngazi za mbele kilikuwa yale maneno aliyoambiwa: ametoka, ameitwa kwa mgonjwa. Uongo huo ungeweza kumzuia mchana kutwa. Ulikuwa na umbo la uongo wa kununua muda: Abby ametoka, hajarudi, tumngoje, mbona anachelewa, huenda kapatwa na nini huko njiani. Sijui muuaji alitaka muda huo aufanyie nini. Huenda alitaka kutoka mwenyewe aonekane mjini. Huenda alitaka mtumishi atoke, ili maiti ionekane baadaye na muda wa kifo usijulikane. Ninachokiona ni kwamba katika mpango huo Andrew Borden alikuwa msikilizaji. Alikuwa shahidi wa baadaye, atakayewaambia polisi kwamba mkewe alitoka asubuhi.

Atasema mpinzani: la, uongo ulihitajika kwa dakika 20 tu, mzee asiende juu kabla kishoka hakijamfikia. Ni pingamizi la haki. Lakini tazama kilichotokea kwa uongo huo mara tu baada ya mzee kufa. Saa 5:10 Lizzie alimwita Bridget ashuke, baba ameuawa. Bi. Churchill akaja, akamuuliza mama yake yuko wapi. Lizzie akarudia habari ya kikaratasi, kisha papo hapo akaongeza kwamba anadhani alimsikia akirudi, na kwamba huenda naye ameuawa, heri mtu amtafute. Kwa hiyo uongo uliotakiwa kumweka Abby nje ya nyumba ukageuzwa ndani ya dakika chache ili kumrudisha ndani. Mtu aliyekaa saa moja na nusu akipanga vifo viwili angekuwa na hadithi moja ya vifo viwili. Huyu alikuwa na hadithi ya kifo kimoja, ikabidi aibomoe na kuijenga upya mbele ya wageni, maiti mpya iko chumba cha pili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikatika na kugeuka palepale.

Wanaoamini mpango mmoja wana silaha yao kubwa, nayo ni mirathi. Hakuna wasia uliopatikana. Andrew angekufa kwanza bila wasia, Abby angepata fungu la mjane, na fungu hilo baada yake lingekwenda kwa ndugu zake, walewale waliozusha ugomvi wa mwaka 1887. Abby akitangulia, kila senti inaangukia mabinti. Ndiyo maana, wanasema, Abby aliuawa kwanza. Hoja hii imerudiwa mpaka imekuwa kama sheria, na mimi naona inathibitisha kinyume chake. Abby akishafariki, lengo la fedha limetimia. Hana tena mtu wa kugawana na mabinti. Mzee ana miaka 69, na warithi wake wa damu ni Emma na Lizzie. Kumuua naye siku hiyohiyo hakuongezi urithi hata dola moja. Kunauharakisha tu, na kwa gharama ya kumfanya kila mtu mjini aulize nani amefaidika. Mtu mwenye akili ya kupanga utaratibu wa vifo kwa sheria ya mirathi ana akili ya kuona pia kwamba kifo cha pili ni mzigo. Tamaa na chuki vilielekea kwa Abby. Kwa Andrew hapakuwa na la kuongeza.

Basi kwa nini alikufa? Jibu langu liko katika jambo dogo la mwaka mmoja nyuma. Mwezi Juni 1891, mchana kweupe, wezi waliingia chumbani kwa wazazi wakachukua saa ya dhahabu ya Abby, fedha na tiketi za tramu. Andrew aliita polisi. Baada ya siku chache akawaambia waache kutafuta. Kuanzia hapo akawa anafunga chumba chake kila siku, kisha anauweka ufunguo juu ya rafu ya sebuleni, mahali ambapo kila mtu wa nyumba ile atauona. Ni kitendo cha ajabu kwa mtu anayeogopa wezi wa nje. Ni kitendo cha maana sana kwa mtu anayemwambia mmoja wa watu wa ndani, bila kufungua mdomo: najua. Wengi waliochunguza mkasa huu wanaamini ujumbe ulikuwa wa Lizzie. Ikiwa ni hivyo, Andrew Borden alikuwa mtu pekee duniani ambaye asingehitaji kuhojiwa na mwanasheria kuhusu kikaratasi. Angetazama maiti, angemtazama bintiye, basi. Na kuficha wizi wa saa ni jambo moja. Kumficha aliyemchinja mkeo ni jambo jingine.

Kwa hiyo dakika za kuamua hazikuwa za asubuhi mapema. Zilikuwa baada ya saa 4:45, mzee akiwa nyumbani, mgonjwa, hana mpango wa kutoka tena, na damu iko vidato vichache juu ya kichwa chake. Ushahidi wa Bridget unaonyesha dakika hizo vizuri kuliko kitu kingine. Anasema Lizzie alimwambia kuna mauzo ya vitambaa kwa bei poa katika duka moja mjini, senti 8 kwa yadi. Anasema Lizzie alimuuliza kama atatoka. Bridget alijibu kwamba hajisikii vizuri. Asubuhi ile alikuwa ametapika, na aliosha madirisha katika joto la Agosti. Badala ya kwenda dukani akapanda chumbani kwake darini akajilaza, kama saa 5 kasoro dakika 5. Mzee akabaki peke yake kwenye kochi. Robo saa baadaye Bridget akaitwa. Mimi namwona hapo mtu anayejaribu kuondoa shahidi kwa harakaharaka, kwa chambo cha kitambaa cha senti nane, kwa sababu jambo analotaka kulifanya amelifikiria sasa hivi.

Upo upinzani mzito zaidi, nao ni mapigo kumi. Mtu anayemuua baba kwa sababu analazimika, je, atampiga usoni mara kumi? Wasomi wa leo watasema wingi wa mapigo ni alama ya chuki. Inaweza kuwa. Lakini ni alama ya woga pia. Aliyeshika kishoka hakuwa mchinjaji. Hakujua pigo gani linatosha, na mtu aliyelala akigutuka na kupiga ukelele, Bridget yuko juu tu. Mwili wa mzee haukuonyesha dalili ya kupambana. Alipigwa kutoka upande wa kichwa cha kochi, na aliyempiga hakuhitaji kukutana na macho yake. Linganisha na Abby, aliyefuatwa mpaka chini na kupigwa karibu mara mbili ya idadi hiyo.

Kukosekana kwa damu kulimsaidia sana Lizzie aliposhtakiwa mahakamani. Mapigo karibu 30 kwa jumla, na waliomwona dakika chache baadaye hawakuona hata tone nguoni wala nywele zilizolowa. Hapa pia ukitenganisha matukio mawili, ugumu unapungua. Baada ya kifo cha kwanza kulikuwa na saa moja na nusu ya kunawa na kubadili nguo. Ugumu wote uko kwenye robo saa ya pili. Na katika picha ya polisi ya Andrew kwenye kochi kuna kitu kinachostahili kutazamwa taratibu. Mzee amevaa koti jepesi la nyumbani. Koti lake refu jeusi la kutokea, lile la heshima, limekunjwa na kusukumizwa chini ya mto, pale damu ilipomwagika. Mtu bahili, aliyevaa nguo moja miaka na miaka, analikunja koti lake bora kama tambara na kulilalia? Wapo waliowahi kusema kwamba muuaji alilivaa kinyumenyume kama aproni, kisha akalirudisha mahali ambapo damu yake isingeshangaza mtu. Siwezi kulithibitisha. Nasema tu kwamba kwa mtu asiye na muda, asiyejiandaa, kitu cha kujikinga kilichokuwa karibu kuliko vyote kilikuwa koti la marehemu mtarajiwa. Katika picha hiyohiyo mzee yuko na viatu vyake miguuni, wakati Lizzie aliapa kwenye uchunguzi wa vifo vile kwamba alivua akavaa ndara.

Yapo mengine mawili kuhusu damu. Jumapili, tarehe 7 Agosti, Lizzie alirarua gauni lake la buluu na kulichoma katika jiko, akisema lina rangi ya ukutani. Rafiki yake Alice Russell alimwona akamwambia asiache mtu mwingine amwone. Na siku ya mauaji polisi waliona chini ya nyumba ndoo yenye vitambaa vya damu vimelowekwa. Wakaelezwa kwamba ni mambo ya kike, ya kila mwezi, na kwamba daktari ameelezwa. Wanaume wale wakaona haya, wakaenda zao. Inawezekana kabisa ilikuwa kweli. Lakini hakuna maficho bora ya damu kuliko mahali ambapo wapelelezi wa mwaka 1892 waliona aibu kutazama.

Nimesikiliza pia wanaosema aliyeua ni mtu wa nje. Mlango wa pembeni haukuwa umekomewa muda wote Bridget alipokuwa nje, kwa hiyo kuingia kuliwezekana. Tatizo ni saa moja na nusu. Mgeni huyo amuue Abby, kisha akae kimya kabatini au nyuma ya mlango muda wote huo, wanawake wawili wakipita, halafu ashuke akamuue mzee katika dakika chache alizokuwa peke yake, atoke na kishoka hadi mtaa wenye watu mchana, asionekane. Na asiibe: saa na fedha za Andrew zilikutwa mfukoni mwake. Siku chache kabla ya kesi kuanza, msichana mmoja wa Fall River aliuawa kwa shoka, na mji ukaamini muuaji yuko nje. Mtu aliyepatikana na hatia hiyo, mhamiaji kutoka visiwa vya Azores, hakuwa amefika Marekani Agosti 1892. John Morse alikuwa kwa ndugu zake upande mwingine wa mji. Bridget ndiye aliyetuhumiwa na mwandishi Edward Radin katika kitabu chake cha 1961, kwa hoja ya hasira ya kuoshwa madirisha akiwa mgonjwa. Hoja nyembamba. Sehemu ya muda wa kifo cha kwanza alikuwa nje akizungumza na mtumishi wa jirani kwenye uzio, na Lizzie mwenyewe, aliyekuwa na kila sababu ya kumtupia lawama, hakufanya hivyo. Naongeza kwamba kama Bridget angeshtakiwa yeye, maskini na mhamiaji, nina shaka kama angepata majaji wapole vile.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la sumu na la usiku wa kuamkia tukio. Tarehe 3 Agosti, muuza dawa Eli Bence alisema mwanamke aliyemtambua kuwa Lizzie alifika kununua asidi ya prusiki, eti ya kusafishia koti la manyoya. Alikataliwa. Jioni hiyo Lizzie alikwenda kwa Alice Russell akamwambia anahisi balaa inakuja, baba ana maadui, maziwa huenda yametiwa sumu. Je, huo si mpango wa kuwaua wote wawili? Familia nzima ilikuwa imetapika siku hizo, lakini Profesa Wood hakukuta sumu tumboni mwa yeyote. Nyama ya kondoo iliyolala katika joto inatosha kueleza. Kuhusu sumu, anayeipika chai ndiye anayechagua nani ainywe. Kuhusu maadui, nakiri hapa hoja yangu inayumba kidogo, kwa sababu aliyetajwa kuwa na maadui ni Andrew. Lakini Abby, mama mnene, mpole, asiyetoka nyumbani, hakuwa na adui hata mmoja wa kusingiziwa. Kifo chake kingehitaji adui wa kuazima, na mwenye maadui nyumbani mle alikuwa mumewe peke yake. Kwamba kulikuwa na mpango, sina shaka. Ninachokataa ni kwamba mpango ulikuwa na majina mawili.

Kesi ilisikilizwa New Bedford kuanzia tarehe 5 Juni 1893. Majaji watatu walizuia maelezo ya Lizzie ya kwenye uchunguzi yasisomwe, yale yenye migongano, ambayo kwa haki tuseme aliyatoa akiwa amepewa mofini na daktari. Wakakataa ushahidi wa muuza dawa pia. Jaji Justin Dewey, aliyeteuliwa ujaji na George Robinson wakati Robinson akiwa gavana, aliwaelekeza wazee wa baraza kwa namna iliyompendeza wakili mkuu wa utetezi, ambaye alikuwa Robinson yuleyule. Askari wawili wakapingana kizimbani kuhusu mpini wa kishoka kilichokutwa chini ya nyumba. Hayo yote yalisaidia. Lakini lililoiua kesi ya serikali, nadhani, ni pete.

Andrew Borden, mtu asiyevaa mapambo, alivaa kidoleni pete ya dhahabu aliyopewa na Lizzie. Aliivaa mpaka akafa, na akazikwa nayo. Utetezi uliishika pete hiyo na kuwauliza wazee 12 wa baraza, wanaume watupu, wengi wenye mabinti: je, huyu ndiye aliyekaa akapanga kumpasua baba yake? Hawakuweza kuamini. Mimi pia siamini. Upande wa mashtaka ulikuwa umejenga jengo lake juu ya mkono mmoja, nia moja, asubuhi moja, na mwenye kushindwa kuamini nusu ya nia hiyo ilibidi aikatae yote. Mwendesha mashtaka Hosea Knowlton aliiona hatari hiyo akiwa amechelewa. Katika hotuba yake ya mwisho alikubali kwamba huenda kifo cha baba hakikupangwa, bali kilikuja kwa ulazima mbaya baada ya kile cha kwanza. Angelianza na maneno hayo siku ya kwanza, pete ingekuwa ushahidi wake yeye. Pendo kati ya baba na binti lisingekuwa sababu ya kumwachia mshtakiwa. Lingekuwa sababu iliyomfanya asiweze kumtazama baba usoni kwa chakula cha mchana, mama wa kambo akiwa amelala juu.

Baraza lilijadiliana kama saa moja na nusu, muda uleule uliotenganisha vifo viwili, likarudi tarehe 20 Juni 1893 na jibu: hana hatia. Kisheria ndivyo alivyo hadi leo, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kushtakiwa. Lizzie alinunua nyumba kubwa kilimani, akajiita Lizbeth, akaishi Fall River miaka 34 zaidi. Alifariki tarehe 1 Juni 1927. Katika wasia wake aliachia jiji dola 500, faida yake itumike daima kutunza kiwanja cha baba yake katika makaburi ya Oak Grove. Abby amezikwa katika kiwanja hichohicho.